Fundi ataka kunifungulia spidi ya baiskeli ya umeme, nikubali?

SWALI

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Bombolulu, hapa Mombasa, na nafanya kazi ya maabara katika zahanati moja huko Tononoka. Miaka yote nimekuwa mtu wa matatu. Foleni ya asubuhi kutoka Kengeleni hadi Daraja la Nyali unaijua mwenyewe: unatoka nyumbani mapema, unafika umechelewa, na wagonjwa wameshajaa kwenye mabenchi.

Mapema mwaka huu mwenzetu mmoja kazini, Mholanzi, alikuwa anarudi kwao akaniuzia baiskeli yake ya umeme kwa bei nafuu. Ni ile ya kukanyaga pedali huku mota ikikusaidia. Ukifika spidi ya kilomita 25 kwa saa, mota inaacha kusukuma na unabaki na miguu yako. Bi Mshauri, baiskeli hii imenibadilishia maisha. Nauli inabaki mkobani, nafika kazini mapema, na jioni nikirudi bado nina nguvu ya kukaa na watoto.

Shida ni barabarani. Magari hunikatia njia kila mara. Wiki iliyopita, pale Kongowea, tuktuk iliyokuwa inatoka pembeni ilisubiri, dereva akanitazama kabisa, macho kwa macho, kisha akaingia mbele yangu. Nilifunga breki hadi gurudumu la nyuma likanyanyuka. Nilipomlalamikia alisema, “Mama, nilikuona, lakini ulikuwa mbali!”

Fundi wetu wa mtaani anasema mimi nimekaa katikati, si gari wala si mpita njia, ndiyo maana nasumbuliwa. Yuko tayari kuifungua ile spidi ifike 45, niende sambamba na matatu, nisionewe. Mume wangu ameliona ni wazo la maana. Mavyaa wangu naye hataki kusikia lolote. Anasema niiuze, buibui langu litakuja kunasa kwenye gurudumu nimwachie yeye wajukuu. Kijana wangu wa darasa la nne anataka nimpakie kwenye keria nimshushe shuleni, ni njiani kwangu.

Mengine hayanipi taabu. Betri naichaji usiku tukiwa tumelala, pale koridoni karibu na mlango kwenye soketi, maana tuko flati ya orofa ya pili. Chaja yake ya kwanza iliungua siku stima ilipopotea ikarudi kwa nguvu, na fundi huyohuyo akanitafutia nyingine iliyoandikwa 54.6V. Betri imeandikwa 36V, lakini plagi yake imeingia sawasawa na inajaza upesi kuliko ile ya zamani, ingawa betri yenyewe siku hizi huwa na joto. Kwa hivyo swali langu ni la spidi. Nikubali?

Mama wa Bombolulu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la spidi nitalijibu kwa kirefu, lakini kwanza weka simu chini uende koridoni uichomoe chaja. Usiitumie tena, hata mara moja, hata kama kesho huna njia nyingine ya kufika kazini.

Betri ya 36V ndani yake ina seli 10 zilizopangwa mfululizo, na kila seli ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Kwa hivyo chaja yake huandikwa 42V. Hiyo uliyopewa ya 54.6V ni ya betri ya 48V, yenye seli 13. Ukiigawanya 54.6 kwa seli zako 10, kila seli inasukumiwa karibu volti tano na nusu. Ndani ya betri kuna kibao kidogo cha saketi cha kuilinda, ambacho kazi yake ni kukata umeme ukizidi, na pengine ndicho kilichowaokoa hadi leo. Lakini kibao hicho ni cha dharura. Kikifanyishwa kazi kila usiku kitachoka, na siku kikichoka hakitakuambia. Lile joto unaloligusa huenda likawa onyo pekee utakalopewa. Plagi kuingia sawasawa hakuna maana yoyote, kwa sababu watengenezaji wengi hutumia plagi za umbo moja kwa volti tofauti.

Nakusihi vilevile betri hiyo usiichaji hata kwa chaja sahihi kabla haijafunguliwa na mtu anayezijua betri za lithiamu, akapima seli moja moja. Ukiiona imevimba, inatoa harufu ya ajabu, au chaji inashuka ghafla, basi hiyo imekwisha. Kwa sasa itoe ndani ya nyumba, uiweke kibarazani kivulini, mbali na mapazia na mtungi wa gesi.

Nalisema kwa uzito huu kwa sababu ya pale unapochajia. Mko orofa ya pili, mlango ni mmoja, watoto wamelala, na betri iko kwenye njia ya kutokea. Seli ya lithiamu ikishika moto huichoma jirani yake, nayo jirani yake, na moshi wake ni sumu. Katika jiji la New York peke yake, mwaka 2023, watu 18 walifariki katika mioto iliyotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme.  Mwaka huohuo jiji hilo lilipiga marufuku kuuza baiskeli za umeme zisizo na cheti cha usalama cha UL 2849. Baiskeli yako ya Uholanzi bila shaka ilitengenezwa kwa kanuni ya Ulaya, EN 15194. Tafuta alama hiyo kwenye fremu. Lakini kwa kanuni hiyo baiskeli ilipimwa ikiwa na chaja yake, na chaja hiyo sasa haipo.

Ukipata chaja ya 42V yenye alama ya mtengenezaji wako, chaji mchana au jioni mkiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mlango. Usichaji betri ikiwa bado ina joto la safari. Iache ipoe kwanza. Usitumie ekstensheni iliyolegea, wala ile adapta ya kubadilisha plagi ya Ulaya yenye miguu miwili ya mviringo, ikiwa inachezacheza kwenye soketi; hapo ndipo umeme hutoa cheche. Na kwa vile stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Kitailinda chaja pia. Mungu apishe mbali, ukiona moshi: toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112, usijaribu kuibeba betri.

Sasa tuje kwenye spidi.

Yule dereva wa tuktuk alisema kweli. Alikuona, na aliona uko mbali. Kosa lake lilikuwa kwenye hesabu. Maisha yake yote baiskeli aliyoijua ni ya mtu anayesukuma kwa miguu, anakwenda kilomita 15 kwa saa au chini, yaani mita nne hivi kwa sekunde. Wewe ukiwa kwenye 25 unakwenda mita saba kwa sekunde. Kugeuza tuktuk kuvuka barabara kunachukua sekunde tatu. Kwa hesabu yake utakuwa umesogea mita 12, kumbe umesogea 21. Mita hizo tisa ndizo zilizokunyanyulia gurudumu.

Wafikirie sasa watu wote wa njia yako: mama anayevuka na kapu pale Kongowea, makanga anayeruka kabla matatu haijasimama, mtoto wa skuli, bodaboda anayekatiza kuingia stejini. Wote wakikuona wanaona baiskeli, na wote wanakupigia hesabu ya baiskeli. Tena mota haina sauti. Pikipiki angalau humtangulia mtu masikioni. Fundi akikufungulia hadi 45, utakuwa unakwenda mita 12 na nusu kwa sekunde. Katika zile sekunde tatu utasogea mita 37, na umbo lako machoni mwao litakuwa lilelile. Hakuna atakayekuheshimu zaidi kwa hilo. Watazidi kukosea, na kila kosa litakukuta karibu zaidi.

Breki nazo hazibadiliki kwa kubadilisha programu ya mota. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa spidi. Ukitoka 25 ukaenda 45, breki zilezile, tairi zilezile, lami ileile, utahitaji umbali zaidi ya mara tatu baada ya kufinya. Na baiskeli ya umeme ina uzito wa kilo 25 hivi, kumi zaidi ya baiskeli ya kawaida. Kule Ulaya, ikivuka kikomo cha kilomita 25 na wati 250, sheria huacha kuiita baiskeli. Huitaka isajiliwe, iwe na bima, na mpandaji avae helmeti ya kiwango kikubwa zaidi. Fremu na breki zako zilitengenezwa kwa ajili ya kile kikomo.

Hoja ya kwenda sambamba na matatu naielewa, na najua mumeo anaikubali kwa sababu anakupenda. Lakini njiani kwako matatu haziendi 45 mahali ambapo wewe unasumbuliwa. Unakatiwa kwenye foleni, stejini, na kwenye vichochoro vinavyotokea barabarani. Hapo mota yako ya sasa inazidi mahitaji.

Kwa hivyo, mahali penye watu, shusha msaada wa mota hadi namba ya chini kabisa, uende kama mtu wa baiskeli ya kawaida. Spidi yako ya 25 iwekee mahali unapoona mbele na hakuna mlango wala kichochoro cha kutokea mtu. Utapoteza dakika chache tu kati ya Bombolulu na Buxton.

Matatu ikisimama stejini, usiipite kushoto kamwe, kwa sababu mlango wake uko kushoto na abiria hushuka bila kutazama. Ukiipita kulia, acha nafasi ya mkono mzima na zaidi, na macho yako yawe kwenye gurudumu lake la mbele la kulia. Dereva anaweza kusahau indiketa, lakini gurudumu haliwezi kudanganya. Likianza kugeuka, matatu inatoka. Kwenye foleni iliyosimama, ukipenya katikati ya magari, nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, maana watu huvuka kati ya basi na basi, na wauza maji hutokea mbele ya boneti.

Malori na matrela ya makontena yaogope zaidi ya vyote. Dereva wetu hukaa kulia, kwa hivyo upande wa kushoto wa trela, karibu na kichwa chake, ni mahali asipoona kitu. Ukikuta trela imesimama kwenye makutano, baki nyuma yake. Hata ikiwa pana nafasi ya kupenya kushoto, na hata ikiwa wenzako wote wanapenya, baki nyuma.

Usiambae sana ukingoni. Pale kuna mchanga unaotelezesha tairi, kuna mashimo, na kuna milango ya magari yaliyoegeshwa. Mita moja kutoka ukingoni inatosha. Darajani, msimu wa kusi upepo humpiga mtu ubavuni, kisha lori likikupita linauziba kwa sekunde moja na kuuachia tena kwa ghafla, na hapo wengi huyumba. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, na siku upepo ukivuma kweli shuka ukokote kwenye njia ya wapitao kwa miguu. Mvua za masika nazo zina jambo moja: usikatize dimbwi usilojua kina chake. Mota zinavumilia manyunyu, kuzama haziwezi, na maji ya chumvi yakiingia kwenye betri ni balaa. Hata hewa yetu ya bahari hula vyuma vya kugusia umeme, kwa hivyo vipanguse kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, na usiioshe baiskeli kwa mpira wa maji.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami nadhani nalo lilichangia kunyanyua gurudumu lako. Uholanzi huendesha kulia. Baiskeli za huko kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kushoto, ya nyuma mkono wa kulia. Sisi tunaoendesha kushoto tumezoea kinyume chake, na kuna sababu: ukitaka kuingia kulia, ukatize magari, unanyoosha mkono wa kulia kuashiria, na ule wa kushoto uliobaki unashika breki ya nyuma, ambayo ni ya upole. Kwenye baiskeli yako, ukinyoosha mkono wa kulia unabaki na breki ya mbele peke yake, na ukiifinya kwa hofu itakurusha juu ya usukani. Leo jioni iinue baiskeli, zungusha magurudumu, finya mkono mmoja mmoja uone upi unafunga lipi. Kama ni breki za waya, fundi yeyote mzuri anaweza kuzibadilishana. Kama ni za mafuta, mpe aliyezizoea. Na kioo cha pembeni, kama kipo, kitakuwa kushoto. Kihamishie kulia, ndiko magari yanakokujia.

Ukisimama kwenye makutano, ondoa mguu kwenye pedali. Baiskeli nyingi za aina hii, ukikanyaga kidogo tu mota inaruka, na wewe bado hujajiandaa. Shika breki mpaka utakapoamua kuondoka. Baadhi zina swichi kwenye breki inayoikata mota.

Mavyaa wako usimpuuze, ana haki ya kuogopa. Baiskeli nyingi za Kiholanzi huja na kava lililofunika mnyororo wote na kinga ya nguo kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu kule pia watu hupanda na makoti marefu. Tazama kama yako bado inazo. Kama zilitolewa, zirudishwe. Buibui lenyewe lifunge kwa mkanda au lipandishe kidogo, na ndani yake uvae suruali pana, na ncha ya mtandio iingie ndani. Helmeti ivae juu ya ushungi mwembamba usio na pini, ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wa kidevuni ubaki nafasi ya kidole kimoja. Ikishawahi kupigwa chini kwa nguvu, nunua nyingine. Kisha mwite mavyaa aje akuone ukizunguka uwanjani, apige kengele mwenyewe. Moyo wake unaweza kulainika au usilainike, lakini baiskeli usiiuze.

Kijana wa darasa la nne, hapana. Tazama keria yako, mara nyingi imepigwa chapa ya uzito inaoubeba, na nyingi ni kilo 25 tu. Viti vya watoto vya nyuma navyo huishia kilo 22. Mtoto wa umri wake ameshapita hapo. Keria tupu haina pa kuweka miguu, na mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki, wewe wa zahanati unajua unavyotoka. Uzito wa nyuma vilevile huifanya baiskeli iyumbe ukianza kuondoka, na hapo ndipo mota inaporuka. Anunuliwe yake ya kawaida siku za mbele, afundishwe uwanjani, na kwa sasa aende skuli kama alivyokuwa akienda.

Fundi usimkate. Amekosea kwenye chaja kwa kutojua, na wengi hawajui kwa sababu baiskeli hizi ni ngeni mikononi mwao. Mpe kazi: akuhamishie breki na kioo, akubadilishie raba za breki ambazo kwa uzito huu huisha upesi, akurudishie kava la mnyororo, akufungie taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Mwonyeshe ile hesabu ya 42 na 54.6, asije akampa mteja mwingine. La spidi mwambie hapana, na umwambie mumeo akiwa amesimama hapohapo, asikie.